Titi likitakiwa kuondolewa, mama anakaa na nani?

Chukua mama wa watoto watatu anayeishi Mbagala, wilaya ya Temeke. Ana miaka 43, asubuhi anauza maandazi na chai nje ya shule, na kwa miezi minne amekuwa akijua kwamba kuna kitu kigumu kwenye titi la kushoto. Hakimuumi, na ndiyo maana hakuharakisha. Alipokwenda hospitali walichukua kinyama wakapeleka maabara, majibu yakarudi, akapewa barua ya rufaa. Leo ameambiwa titi litaondolewa, kisha atawekewa dripu za dawa, kisha mionzi. Anatoka kwa daktari na karatasi mkononi, anapanda daladala, na mpaka anashuka Rangi Tatu hajamwambia mtu yeyote.

Mama huyu si mtu mmoja. Wapo wa namna yake Tandika na Chamazi, wapo Bunju na Tegeta upande wa Kinondoni. Tanzania saratani ya matiti ni ya pili kwa wanawake baada ya ile ya mlango wa kizazi, na wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Duniani, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, wanawake milioni 2.3 waligundulika nayo mwaka 2022 na watu 670,000 walikufa. Lakini jioni ile Mbagala takwimu hazimsaidii mtu. Maswali ya mama ni mengine: nimwambie nani, nani atapika, na baba watoto ataniangaliaje nikibaki na titi moja.

Akinyamaza, ana sababu zake. Anajua habari ikitoka itafika mbali. Jirani atasema amerogwa. Wifi atakuja usiku amefunga khanga kiunoni: "Wifi, hiyo si ya hospitali, kuna mzee Mkuranga huko ametibu wengi." Na kuna wale wanaosema kwa upole kabisa kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Hili la kisu limeua wanawake wengi kuliko kisu chenyewe. Kuchukua kinyama hakusambazi saratani, na upasuaji hauichochei. Kinachotokea ni kwamba wengi wanafika kwa daktari wakiwa wamechelewa, ugonjwa umeshasambaa kabla ya kuguswa, halafu lawama inaangukia upasuaji.

Mtu wa kwanza kuambiwa si lazima awe mume. Wapo waume ambao mke akiwaambia usiku mmoja, asubuhi wameshapanga safari ya kwenda naye kliniki. Wapo pia ambao watazima taa na kugeukia ukutani, si kwa ubaya, ila hawajui waseme nini. Mke anajua wa kwake ni yupi. Kama ni wa kugeukia ukutani, aanze na dada, au shoga yake wa kikoba, au mama mkubwa ambaye haogopi hospitali. Anachohitaji ni mtu mmoja ambaye kesho atavaa viatu aende naye. Mume aambiwe siku hiyohiyo au ya pili yake, na ikiwezekana huyo dada awe karibu.

Kwenda wawili kuna faida kubwa kuliko kushikana mkono. Mgonjwa aliyeambiwa neno saratani hasikii sentensi tatu zinazofuata. Daktari anaeleza, mama anaitikia kwa kichwa, na akifika nyumbani hakumbuki kama dripu ni kila baada ya wiki tatu au kila mwezi. Anayemsindikiza awe na daftari la watoto na kalamu. Waandike: saratani ni ya aina gani, iko hatua gani, imefika kwenye tezi za kwapani au la, na je, kinyama kimepimwa kuona kama saratani hii inalishwa na homoni. Kipimo hiki cha mwisho wengi hawakiulizi, na ndicho kinachoamua kama baada ya matibabu makubwa mama atameza vidonge kama tamoxifen kwa miaka mitano au hata kumi. Akiwa kwenye vidonge hivyo hatakiwi kushika mimba, jambo ambalo mume naye anapaswa kulisikia kwa masikio yake.

Kisha inakuja safari ya Ocean Road. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko ufukweni, jirani na Ikulu, kwenye majengo ambayo Wajerumani waliyajenga kama hospitali mwishoni mwa karne ya 19. Ilikuwa chini ya Muhimbili kabla ya kufanywa taasisi inayojitegemea kwa sheria ya mwaka 1996, na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa mahali pekee nchini pa kupata mionzi. Mwaka 2018 ilipata mashine za kisasa zaidi za mionzi. Mtu wa Mbagala huenda huko siku tano kwa wiki, kwa wiki tatu hadi tano au zaidi, kutegemea mpango wake. Anaondoka alfajiri ili awahi, anarudi jua kali. Nauli ya siku moja ni ndogo, ya mwezi mzima si ndogo hata kidogo, na biashara ya maandazi inakuwa imesimama.

Lakini kwenye benchi la kusubiri kuna kitu ambacho hakiandikwi kwenye barua ya rufaa. Pale wanakaa wanawake waliopita hatua moja mbele. Aliyevaa kilemba atamwambia mwenzake kwamba nywele zake zilianza kunyonyoka wiki ya pili au ya tatu baada ya dripu ya kwanza, na kwamba yeye aliamua kunyoa zote kabla watoto hawajaziona kwenye mto. Mwingine atamwonyesha zake zilizoota upya, laini kama za mtoto. Atasikia kwamba ile dawa nyekundu inageuza mkojo kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili, asije akadhani ni damu. Kwamba limao na tangawizi humtuliza fulani kichefuchefu na fulani hazimsaidii. Kwamba homa wakati wa dripu si ya kumeza panadol na kulala, ni ya kukimbilia hospitali siku ileile, kwa sababu dawa zimeshusha kinga ya mwili. Daktari naye anayasema haya, ila yakisemwa na mwanamke wa Yombo aliyekaa hapo miezi mitatu iliyopita, yanaingia.

Msaada wa namna hii una historia Dar es Salaam. Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania, MEWATA, kilipoanzisha kampeni ya kuchunguza matiti jijini mwaka 2005, wanawake walijitokeza kwa maelfu. Kilichoonekana siku zile ni kwamba wanawake hawakuwa wamekataa kupimwa. Walikuwa wakisubiri mahali ambapo hawatachekwa. Tangu hapo zimeibuka pia taasisi zinazoongozwa na wanawake waliopona, na wauguzi wa kliniki za matiti mara nyingi wanajua ni nani wa kumuunganisha mgonjwa mpya naye. Kinachotakiwa ni kuuliza tu: "Sista, kuna mama aliyemaliza matibabu ambaye naweza kuongea naye?"

Swali jingine la kuuliza siku ya kwanza, wala si siku pesa zimekwisha, ni ofisi ya ustawi wa jamii iko mlango gani. Kila hospitali kubwa ya umma inayo, na ndiyo inayoshughulikia misamaha ya wasio na uwezo. Wengi huona haya kuingia. Wanauza kwanza friji, kisha cherehani, kisha ndiyo wanaingia, wakiwa hawana cha kuuza. Mwenye bima naye asidhani kadi inalipa kila kitu, aulize dawa kwa dawa. Na kikoba kisisahaulike. Wenzake wa kikoba wanaweza kugawana zamu ya nauli, au mmoja akauza maandazi yake kwa wiki mbili ili mteja asihame. Mchango wa namna hiyo unamsaidia kuliko kundi la watu ishirini wanaokuja Jumamosi kumpa pole, wakakaa hadi saa moja usiku wakitegemea chai.

Sasa upasuaji wenyewe. Si kila titi lenye saratani lazima liondolewe lote. Mwaka 2002 watafiti wa pande mbili, Marekani wakiongozwa na Bernard Fisher na Italia wakiongozwa na Umberto Veronesi, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake kwa miaka 20. Waliogundulika mapema wakatolewa uvimbe tu na kupigwa mionzi waliishi muda sawa na wale walioondolewa titi zima. Kwa hiyo mama ana haki ya kuuliza, "Daktari, kwangu hilo linawezekana?" Mara nyingine jibu ni kwamba dripu zitangulia ili uvimbe unywee kwanza. Mara nyingi zaidi, kwa sababu ya kuchelewa, jibu ni kwamba titi litoke lote. Hapo sahihi inayohitajika ni ya kwake mwenyewe. Mume na ndugu washirikishwe, ila mwanamke mtu mzima hasubiri kikao cha ukoo kiruhusu mwili wake kutibiwa. Kikao kinaweza kuchukua mwezi, na uvimbe haungojei ajenda.

Baada ya upasuaji atarudi nyumbani na mpira mwembamba unaotoka ubavuni, wenye kichupa cha kukusanyia majimaji. Unakaa siku kadhaa, pengine wiki mbili. Mtu wa kumwaga na kuandika kipimo kila siku apangwe kabla, kwa sababu mama mwenyewe hatataka kukitazama. Mkono wa upande uliopasuliwa usiachwe umelala kama mgonjwa. Aanze mazoezi aliyoelekezwa, polepole, kuupandisha ukutani kama anayepaka chokaa, hadi aweze kujisuka au kujifunga kilemba. Kama tezi za kwapani zimetolewa, mkono huo unaweza kuvimba hata baada ya miaka, hivyo majeraha na kuungua jikoni vichungwe, na ukianza kuwa mzito arudi kliniki mapema. Na kwenye mitaa ambako maji bado yanabebwa kwa ndoo, ndoo hizo kwa miezi hiyo ni za mume na watoto wakubwa. Hapa hakuna mjadala.

Halafu kuna jambo ambalo wanawake wengi hawalisemi mpaka mlango ufungwe: je, titi linaweza kutengenezwa jingine?

Linaweza. Kuna njia mbili kubwa. Moja ni kuwekewa mfuko wa silikoni chini ya ngozi au msuli, mara nyingi baada ya ngozi kutanuliwa taratibu kwa muda. Nyingine ni kutumia nyama ya mwili wake mwenyewe, kutoka tumboni au mgongoni, ikahamishiwa kifuani. Hii ya pili ni operesheni ndefu, ina vidonda viwili vya kupona, lakini hudumu na huonekana ya asili zaidi. Ya silikoni ni fupi, ila mfuko si wa maisha yote, na mionzi ikipita juu yake huleta matatizo zaidi, ngozi hukaza na umbo kuharibika. Katika njia zote mbili, titi jipya halinyonyeshi, na kwa kawaida halina hisia za lile la zamani. Kutengeneza titi hakuirudishi saratani, na kutolitengeneza hakuiongezi.

Tanzania upasuaji rekebishi wa aina hii bado ni wa wachache. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, imekuwa ikitangaza katika miaka ya karibuni huduma za upasuaji rekebishi, ukiwemo wa matiti, na madaktari wa fani hiyo wanaongezeka. Hata hivyo mtaani habari inayozunguka ni ya India. Ndugu mmoja anasema kuna hospitali inafanya yote kwa mpigo, mwingine anasema tuuze kile kiwanja cha Vikindu. Hapo ndipo familia nyingi zinapokaribia kuanguka.

Kiwanja kisiuzwe kwa ajili ya hilo, angalau si mwaka huo. Titi linaweza kutengenezwa baada ya mwaka mmoja, baada ya mitano, hata baada ya kumi. Dripu na mionzi haviwezi kungoja hivyo. Mama ambaye atahitaji mionzi mara nyingi hushauriwa na madaktari wenyewe amalize kwanza, ngozi ipone, ndipo azungumzie umbo. Anayetaka kujua mapema aulize kabla ya kupasuliwa, kwa sababu namna ngozi inavyokatwa na kushonwa inaweza kurahisisha au kuzuia kazi ya baadaye. Kuuliza hakumfungi. Na akisema hataki kabisa, kwamba atabaki na kifua bapa upande mmoja na maisha yaendelee, huo nao ni uamuzi kamili. Asilazimishwe na mume anayetaka "arudi kama zamani", wala asidharauliwe na shemeji anayeuliza mwanamke wa miaka 43 titi la nini. Titi ni lake.

Katikati ya upasuaji na kukaa bure kuna njia ya tatu, ya bei nafuu, ambayo haizungumzwi vya kutosha: titi la kuvaa ndani ya sidiria. La silikoni ni ghali. Nchini Kenya, mwaka 2024 ziliandikwa habari za Mary Mwangi, fundi cherehani wa Thika aliyepitia saratani ya matiti, anayefuma matiti ya uzi na kuyajaza pamba. Moja aliliuza kwa takriban shilingi 1,500 za Kenya, wakati la silikoni lilikuwa kama 22,000. Kazi hiyo haihitaji kiwanda. Fundi yeyote wa Tandika anayefuma vitambaa vya meza anaweza kulifuma akionyeshwa umbo. Wapo wanawake wanaojishonea wenyewe mfuko wa kitambaa laini, wakatia pamba na punje kidogo za mchele ili uwe na uzito, maana upande mmoja ukiwa mwepesi sidiria hupanda na bega huanza kuuma. Mfuko huo ungoje kidonda kikauke kabisa, na uwe wa kufulika, kwa joto hili la Dar es Salaam.

Kuhusu mume, yako machache. Wanaume wengi hawakimbii kwa sababu ya titi. Wanakaa mbali kwa sababu hawajaonyeshwa kovu na wanaogopa kuliona, na mke naye anaficha akidhani ndiyo anamlinda. Anayeweza, amruhusu mume amsaidie kubadilisha bandeji, hata mara moja, muuguzi akiwa amewaelekeza wote wawili. Akishaliona mara moja, hofu hupungua. Mambo ya chumbani yatarudi kwa kasi ya mgonjwa, na dawa zenyewe huondoa hamu kwa muda, kwa hiyo asitafsiri kwamba amechukiwa. Wapo wanaoondoka kweli. Hilo hutokea, na mama anayeachwa katikati ya dripu anahitaji ndugu zake wahamie kwake, si waje kumuuliza alimkosea nini mwanaume.

Watoto ndio wanaosahauliwa. Wazazi hudhani wakinyamaza watoto hawajui, kumbe wa miaka sita ameshaona mama analala mchana na bibi amekuja kutoka Kilwa bila kuwa sikukuu. Akiachwa ajaze mwenyewe, atajaza vibaya: atadhani alimuudhi mama, au kwamba mama anakufa kesho. Mdogo anatosheka na maneno machache. "Mama ana ugonjwa kwenye titi. Daktari ataliondoa ili mama apone. Dawa zitanyonyoa nywele, zitaota tena. Si kosa lako, na haikuambukizi ukimkumbatia." Aliye darasa la sita au sekondari atataka jina la ugonjwa, na apewe, kabla hajaliokota shuleni. Akiuliza "Mama utakufa?", asidanganywe wala asitishwe. Jibu la kweli ni kwamba ugonjwa ni mkubwa, kuna matibabu, na mama anayafuata yote. Mwalimu wa darasa aambiwe pia, ili mtoto akisinzia au alama zikishuka asichapwe kwa jambo asiloliweza.

Kwenye nyumba za kupanga kuna jambo moja zaidi. Sahani ya mama haitengwi, wala kikombe, wala choo cha pamoja hakifungwi. Saratani haiambukizi, na aliyenyonya titi hilo akiwa mchanga hakunyonya ugonjwa.

Kama mama ana binti, au dada, kuna swali la mwisho la kuandika kwenye lile daftari. Saratani nyingi za matiti hazirithiwi. Takriban tano hadi kumi kwa mia ndizo zinazotokana na vinasaba vya ukoo. Lakini ndugu wa karibu wa mgonjwa, hasa aliyegundulika akiwa na umri mdogo, kwa kawaida hushauriwa waanze kuchunguzwa miaka kumi kabla ya umri ambao yeye alipatikana nao. Mama wa Mbagala aligundulika akiwa na 43. Binti yake sasa ana 17, kwa hiyo tarehe yake iko mbali, akiwa na miaka 33. Mdogo wake mama, anayeishi Bunju na aliyetimiza 38 mwezi uliopita, tarehe yake imeshapita. Na kaka yao asijitoe kwenye hesabu, maana wanaume nao huipata, japo kwa nadra, na wao ndio huchelewa kuliko wote kwa sababu hawaamini kwamba wana matiti.